Mwanafalsafa Ahamia Karen

Musembi alifundisha falsafa chuo kikuu hadi akastaafu. Baada ya mkewe kufariki alibaki peke yake katika fleti yake mtaani Hurlingham, Nairobi, na, ingawa hakumwambia mtu, maisha hayo yalimkaa vizuri. Aliamka alipotaka, akala alipokumbuka. Jumapili asubuhi, majirani wakielekea kanisani, yeye alikuwa mezani na pajama zake, kahawa mkononi, akiandika kuhusu umuhimu wa kanisa.

Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina. Vitabu vyake vilitetea mambo ya zamani: familia kubwa chini ya paa moja, sala kabla ya chakula, desturi ambazo hakuna anayekumbuka zilianzaje. Mtu, aliandika, huzaliwa ndani ya nyumba iliyokwisha kujengwa, na wema wake wa kwanza ni kutoibomoa. Kuhusu Mungu mwenyewe alikuwa mwangalifu. Hakusema yupo, hakusema hayupo. Alisema watu wanaosali pamoja hupata taabu kuchukiana. Maaskofu walimnukuu mimbarini, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye husali wapi.

Bintiye wa pekee, Mukai, alikuwa wakili, akiishi mtaa wa Karen na mumewe Kihara, daktari wa meno. Hakuwa amewahi kufungua kitabu cha babake. Kisha akajifungua, akapata likizo ya uzazi, na mtoto akiwa amelala kifuani akavisoma vyote. Alipomaliza alikuja Hurlingham bila kupiga simu.

"Baba, nimesoma vitabu vyako."

Musembi alivua miwani kwa furaha. "Umeonaje?"

"Nimeona tumekukosea. Umeandika kwamba mzee anayekaa peke yake ni aibu kwa watoto wake. Si ungeniambia tu?"

"Ile ilikuwa hoja, Mukai."

"Ni ya kweli ama si ya kweli?"

Musembi aliwahi kuwatesa wanafunzi wengi kwa swali hilo hilo. "Kwa ujumla," akasema, "ni ya kweli."

"Basi panga vitu zako. Kihara ako chini na gari."

Alijaribu kujitetea kwa mila. Mzazi halali kwa mkwe, alisema, hata yeye Mukai anajua. Lakini Mukai alikuwa ameshamuuliza shangazi yake Peres, mjuzi wa mila katika ukoo, na Peres alikuwa ameamua kwamba nyumba yao ya wageni, kwa kuwa iko uani na ina mlango wake, haihesabiki.

Kule Karen Mukai alijenga upya kila kitu ambacho babake alikuwa amekitetea. Kiamsha kinywa kikaliwa pamoja, mapema. Televisheni ikazimwa wikendi, kwa sababu wikendi ni ya familia. Jumapili wakaenda kanisani, Musembi katikati na tai yake. Na kila jioni aliombwa aombee chakula. Aliomba vizuri mno, sentensi zikiwa zimenyooka kama mhadhara, hata mara moja Mukai akafuta machozi. Musembi alirudi uani na kuketi mbele ya karatasi nyeupe. Hakuweza kuandika lolote. Ukimya wake wote ulikuwa umebaki Hurlingham.

Jumamosi moja aliaga kwamba anakwenda maktaba. Akaenda Hurlingham. Fleti ilikuwa haijapata mpangaji, na alichotaka ni kikombe kimoja cha kahawa bila mtu. Alipofungua mlango alisikia kelele za uwanja. Kihara, aliyekuwa na ufunguo wa pili na ambaye nyumbani walijua yuko kliniki, alikuwa kwenye kochi, viatu chini, miguu juu ya meza, akitazama mpira.

"Mzee!" Kihara aliruka. "Nilikuja kuangalia mfereji. Ulikuwa unavuja."

"Na mimi niko maktaba," akasema Musembi. "Nani anaongoza?"

Walitazama hadi mwisho. Timu ya Kihara iliposhindwa, mkwe alipata ujasiri. "Mzee, usinielewe vibaya. Lakini hata Mukai amechoka. Juzi aliniambia angependa kulala Jumapili. Anaogopa tu kukuvunja moyo."

Jioni hiyo, kabla hata chakula hakijaletwa, Musembi aliuliza. "Mukai, wewe unaamini haya mambo?"

"Mimi?" Mukai alimtazama. "Nilidhani ni wewe unaamini!"

Kihara alianza kucheka, akaona hakuna anayemsaidia, akaacha. Mukai alikasirika kwanza, kisha akalia kidogo, kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi asiyoitaka, kwamba kuanzia kesho kila mtu afanye anavyotaka.

Kesho yake walilala hadi jua likawa kali. Usiku chakula kikaja, moto, na harufu yake nzuri. Hakuna aliyekigusa. Mukai alipanga kijiko upya. Musembi alitazama dari. Mwishowe Kihara, ambaye hakuwa amewahi kuomba mbele ya watu, aliinamisha kichwa na kubabaika: akamshukuru Mungu kwa kuku, kwa mtoto, kwa mzee, akasahau atakavyomaliza.

"Amina," Musembi akamsaidia, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Walikula. Musembi alijua wazi kwamba hoja yake kuhusu desturi imethibitishwa, tena mbele ya macho yake, na haikuwahi kumuudhi namna ile. Siku iliyofuata alirudi Hurlingham, kwa amani, bila ubishi. Siku hizi huenda Karen kila Jumapili kula chakula cha mchana, na mwenye kuomba ni Kihara.