Swimming pool yangu ya Mukurweini ilitoka ardhini, shemeji yangu akiwa ndani

Wakuu, salamu kutoka Mukurweini. Hii ilinitokea mimi mwenyewe kwa plot yangu na sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi bado sijaimeza.

Niko na cottages nne za wageni, kwa mteremko chini ya kahawa. Kila mgeni alikuwa anauliza kama kuna swimming pool. Mwaka jana nikaamua nachimba.

Nikapata fundi Mwangi wa Karatina, mzee wa maneno machache. Akanipa njia tatu. Zege na tiles. Ama liner, ile plastiki nzito inatandikwa ndani ya shimo. Ama fibreglass, ambayo inakuja na lori ikiwa imeshatengenezwa, kama karai ya jitu, inateremshwa kwa shimo na kufukiwa kando.

Liner niliogopa kucha za mbwa wangu. Zege ingechukua muda. Nikachagua fibreglass.

Mwangi akaniambia, "Mama Ciru, hii ni nyepesi. Ikijaa maji inatulia. Ikiwa tupu na udongo umeshiba mvua, maji ya chini itaisukuma. Msimu wa mvua usiitoe maji kabla uniite."

Akaweka paipu kando, imeenda hadi chini ya pool, ya kuangalia maji ya ardhini na kuyavuta.

Ile paipu ilikuwa inaharibu picha. Mwangi alipoenda, nikaikatisha, nikafunika na cabro, yale matofali ya kupanga chini.

(Najua. Endeleeni kusoma tu.)

Mvua ya April ikanyesha wiki mbili. Pool ikageuka kijani kama maji ya kuchemsha mboga ya terere, na wikendi familia moja ilikuwa inakuja na watoto. Alhamisi asubuhi nikawasha pampu. Saa sita mchana ilikuwa tupu.

Kariuki, ndugu ya mzee wangu, akaingia kusugua, miguu wazi. Mimi nikasimama kando nikimwonyesha penye ameruka bila kusugua.

Nikasikia mlio, kama mbao inapasuka polepole.

Kariuki akaacha kusugua. "Mama Ciru, hii floor inacheza."

Nikamwambia ni sabuni, anateleza.

Wakuu, hiyo sentensi ndiyo inaniamsha usingizini mpaka leo.

Cabro zikaanza kuinuka moja moja. Halafu upande wa shallow, ule wa maji kidogo, ukapanda kutoka ardhini, ukafika goti langu. Kitu kubwa hivyo, nilidhani ni ya kudumu kama nyumba. Kariuki akateleza kwa mgongo mpaka upande wa deep. Ngazi ya kutokea ikang'oka. Fibreglass ikapasuka chini, maji ya matope ikaanza kuingia kwa nguvu.

Mimi nikabaki hapo kando nikiangalia tu.

Ni Nyawira, msichana anasafisha vyumba, alifunga hosepipe kwa nguzo ya kamba ya nguo akaitupa ndani. Ndipo nikapata akili, tukavuta pamoja. Kariuki akatoka akiburuta mguu mmoja. Hakuwa amemaliza kukaa chini kwa nyasi na upande wa deep nao ukapanda. Pool yote ikawa inaelea kwa shimo lake.

Mwangi akaja jioni. Akang'oa cabro, akaangalia ndani ya paipu. Maji ilikuwa karibu mkono ufikie. Hakunigombeza. Akasema tu, "Maji haikukufuata. Ni wewe ulichimba ukaifuata kwake."

Lakini hiyo haikuniuma kama ya Kariuki. Tukingoja afungwe bandeji hospitalini, akaniuliza, "Ulikuwa unajua inaweza kutoka?"

Nikasema ndiyo. Fundi aliniambia.

Akaangalia ule mguu. Halafu akasema, "Basi siku ingine niambie, halafu nichague mwenyewe kama naingia."



Mguu umepona. Ile fibreglass ilitolewa vipande vipande. Sasa tunajenga ya zege, na paipu iko wazi, mbaya hivyo hivyo, kila mgeni anaiona.

Nilichojifunza: kabla ya kubishana tiles ama liner, jua kwanza maji ya ardhini yako iko wapi. Na kama unajua hatari, usimtume mtu ndani kabla hujamwambia.

Wenye mmejenga pool huku milimani, mlitumia nini, na mvua iliwafanyia aje? Hata kunichapa na maneno, chapeni, nimekaa hapa nasoma.