Sheria ya Msitu wa Mfalme

Baba yangu alifungwa kwa ujangili nikiwa darasa la tano. Nilifikisha miaka thelathini na tatu bila kumuuliza hata mara moja ilikuwaje, na nadhani nisingemuuliza mpaka leo kama si gemu ya kompyuta.

Kazi yangu ni kuandika programu za maduka na zahanati. Muda unaobaki, mimi na rafiki yangu mmoja tunaongeza vitu kwenye gemu ya kubuni, ya mapanga, majoka na wachawi, inayochezwa na watu wengi duniani. Walioitengeneza wanaruhusu wachezaji kuongeza vya kwao: huyu anaongeza kijiji, yule farasi. Rafiki yangu anachora, mimi naandika maelekezo ya kompyuta. Yeye ni Mhindi wa hapahapa Mwanza. Babu yake alianza kuuza vitambaa mjini kabla baba yangu hajazaliwa, na sisi tunafanyia kazi chumba cha juu ya duka lao, kati ya majora ya vitenge.

Wazo lilikuwa lake. Kwao hawali nyama kabisa, na hata kwenye gemu huwa hawindi. Siku moja alisimamisha mchezo akanigeukia.

"Dada, hebu ona. Nikiiba mkate sokoni, walinzi wananikamata. Nikiingia hapo msituni nikaua kulungu mia, hakuna wa kuniuliza."

"Ndivyo walivyoitengeneza."

"Basi sisi tuweke sheria. Adhabu panga wewe. Umetokea upande wa hifadhi, unayajua haya mambo."

Hakujua alichokuwa anasema, na mimi sikumwambia.

Tukaugeuza msitu kuwa wa mfalme. Anayetaka kuwinda alipaswa kwanza kupata kibali kwa karani wa kijiji, na kulungu mwenye mimba hakuguswa kwa kibali chochote. Tukaweka askari wa msitu wanaofuata nyayo na damu. Kwenye adhabu sikuwa na huruma. Jangili ananyang'anywa upinde, anafungwa miezi sita, na akitoka wanakijiji wote wanamwita jangili mpaka mwisho wa mchezo. Hilo la mwisho niliandika haraka, bila kufikiri. Kijijini kwetu, mashariki ya Magu, shuleni jina langu lilikuwa mtoto wa jangili. Nilishinda kila mtihani, na bado walimu wawili waliniita hivyo.

Tulipokaribia kumaliza, baba akaja Mwanza kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alifikia kwangu Buswelu, na daktari akataka akae wiki tatu. Mimi na baba hatukuwa na ugomvi. Tulikuwa tunasalimiana, namuuliza mifugo, ananiuliza kazi, halafu simu inarudi kwa mama. Sasa tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba, yeye na jicho lake limefunikwa, mimi na kompyuta yangu mezani.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa najaribu mchezo. Mtu wangu alikuwa ananyemelea kulungu. Nilimsahau baba kwenye kochi nyuma yangu.

"Hapo humpati," akasema. "Unamwendea na upepo mgongoni. Ameshakunusa."

"Baba, hii gemu haina upepo."

"Majani hayo mbona yanacheza?"

Kweli yalikuwa yanacheza. Nikamsogezea kiti. Aliinamisha kichwa pembeni ili jicho lisilofunikwa lione vizuri, akaniuliza yule ni nani, ule msitu wa nani. Nikamweleza kwa kifupi, nikiomba moyoni asiulize zaidi. Nikampiga kulungu bila kibali, kwa sababu ndicho nilichokuwa nakijaribu. Askari wa msitu akatokea, akapiga kelele "Simama!", kioo kikawa cheusi, yakaja maandishi. Nikamsomea: umetumikia kifungo cha miezi sita. Kioo kikawaka tena na mtu wangu akawa amesimama nje ya lango la gereza, mchana, nguo zilezile.

Baba akangoja.

"Ndiyo basi?" akauliza.

"Ndiyo."

"Miezi sita imeishia hapo?"

Niliondoa mikono kwenye kompyuta. Alianza kusema taratibu, akitazama kioo, si mimi.

"Mwaka ule mpunga ulikauka. Nilitega waya. Akanasa nyumbu jike. Nilipompasua ndipo nikaona alikuwa na ndama tumboni. Nilikosa, hilo sibishani na mtu. Nikiwa bado na kisu mkononi, askari wa hifadhi wakanikuta." Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Huyo askari wenu hasemi neno zaidi ya simama?"

"Hasemi."

"Wangu alisema. Alinifungua pingu mkono mmoja ninywe maji. Akaniuliza, nyumbani umeacha nani? Nikamtajia. Wewe nilikutaja wa kwanza."

Nikaizima sauti ya gemu.

"Siku niliyorudi," akaendelea, "mdogo wako alinikimbia, alidhani mgeni. Mbwa alikuwa amekufa. Wewe ulichukua ndoo ukaenda kisimani, hukurudi mpaka jua likazama."

Kwa miaka ishirini na zaidi niliamini hakuna aliyeliona lile. Nilimwona akija kwa mbali, amekonda, ana mfuko wa plastiki mkononi, nikakimbia kwa mlango wa nyuma.

"Ulijua nimejificha?"

"Nilikufuata. Nikakuona umekaa, ndoo imeshajaa. Nikageuza."

"Kwa nini hukuniita?"

"Ningekuita nikwambie nini, mama?"

Ananiitaga mama, kama baba wengi wanavyowaita mabinti zao, lakini siku ile neno hilo liliniingia. Asubuhi nilikuwa nimeshamwamkia. Nikageuza kiti, nikamwambia, "Shikamoo, baba." Akaelewa kwamba ni ya siku ile ya ndoo. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na akaomba maji ya kunywa.

Kesho yake nilimsimulia rafiki yangu yote, juu ya duka. Aliniuliza tu, "Basi tunabadilisha nini?"

Tulibadilisha mengi, na tuligombana. Nilitaka kifungo kichukue muda wa kweli ndani ya gemu: mtu akitoka akute shamba lake limeota magugu, mbwa hamjui, na jirani mmoja anavuka njia ili asimsalimie. Rafiki yangu alisema wachezaji watakasirika, kwamba watu wanafungua gemu wapumzike. Nikamwambia kulungu naye alikuwa amepumzika. Alicheka, lakini akanikatalia jambo moja, na alikuwa sahihi: lile la kuitwa jangili mpaka mwisho.

"Hiyo si adhabu ya mfalme," alisema. "Hiyo ni yako wewe."

Nikaifuta. Badala yake, anayerudi akilima na kusalimia watu, baada ya muda wanaanza kumwitikia, si wote kwa pamoja. Na askari wa msitu tukampa swali la kuuliza kabla hajamfunga mtu: nyumbani umeacha nani?

Siku moja rafiki yangu alikuja Buswelu kumwona mgonjwa. Alimwamkia baba kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," na baba akafurahi kupita kiasi. Walikaa saa mbili wanazungumzia jinsi swala anavyosikiliza kabla ya kuinamisha kichwa kunywa maji, rafiki yangu akichora, baba akimsahihisha masikio. Wanyama wa msitu ule sasa wananusa upepo.

Tulipoitoa kazi yetu mtandaoni, wengi waliichukua, na waliokasirika hawakuwa wachache. Mmoja aliandika kwamba ameifuta baada ya kutoka gerezani na kukuta mbwa wake hamtambui. Mwingine aliandika maneno machache, kwamba alicheza mpaka askari akamuuliza lile swali, akazima kompyuta, akampigia simu mzee wake. Nilimsomea baba ujumbe huo kwa simu, maana alikuwa ameshapona na kurudi nyumbani.

"Na sheria wanaifuata?" aliuliza.

"Baadhi yao."

Akaniambia mvua imeanza vizuri, na kwamba jicho la pili watalifanya mwezi ujao. Nikamwambia nitamfuata mwenyewe. Tukaongea mpaka salio likaisha, na siku hiyo mama hakupata zamu.