Kondoo wa Bibi Isnard na Michirizi ya Nyota

Honorine Isnard hakumwamini mtu, na sisi wa darubini ndio kabisa. Alichunga kondoo kwenye uwanda ule wa juu, nyuma ya mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, tangu utotoni. Sisi tulikuja juzi na saruji yetu. Hata hivyo, kila Alhamisi alipopita getini na kundi lake alituachia jibini mbichi.

Mimi nilikuwa fundi wa vioo. Tuliunganisha darubini mbili zilizo mbali moja na nyingine: nuru ya nyota moja ilipita kwa zote mbili, ikakutana katika chumba cha chini, ikafanya michirizi ya mwanga na giza. Kwa michirizi hiyo tulipima upana wa nyota. Kitu kikitikisa sakafu kidogo tu, kazi imeharibika. Na kila Alhamisi ilitikisika.

"Ni kwato," akasema Roustan, mkuu wetu. Akaiomba halmashauri imnyime Bibi Isnard malisho yale, naye hakuwa na mengine.

"Kwato?" Bibi akamkazia macho. "Sema unataka kujenga darubini nyingine, tujue moja."

"Sitaki kitu, Bibi. Wachunge kondoo mbali majuma mawili, tuone."

"Eti tuone. Nikirudi nitakuta mmezungusha ua."

Akakaa mbali. Michirizi ikatulia kama maji mtungini, Roustan akatembea kifua mbele. Nilimwonea bibi huruma, maana shauri lilikuwa limekwisha.

Siku moja kabla ya uamuzi wa halmashauri Bibi akaja kwa miguu, bila hata kondoo mmoja, na kikapu kizito.

"Jibini ya kuagana," akasema. "Kuleni, mnikumbuke."

Roustan akaona haya. Akaipokea, akaishusha kwenye friji kuukuu nyuma ya ukuta wa kile chumba cha chini, kama alivyofanya kila Alhamisi.

Jioni ile michirizi ikacheza ngoma. Kondoo walikuwa ng'ambo ya mlima. Tukatazamana, na katika ukimya ule tukaisikia friji ikinguruma, ikihangaika kupoza mzigo. Kikulacho ki nguoni mwako. Roustan akachomoa waya, michirizi ikatulia.

Asubuhi akaenda mwenyewe kwa Bibi, nami nikamfuata.

"Malisho ni yako, Bibi. Tulikosea. Ilikuwa friji yetu, ikijazwa jibini yako."

Bibi akashika kitasa cha mlango.

"Jana kondoo, leo jibini," akasema. "Kesho utasema ni pumzi zangu."

Akafunga mlango. Alhamisi iliyofuata kondoo wake walipita getini, naye nyuma yao. Kikapu hakuja nacho tena.