Siku Mashine Ilipokataa Kuanguka

Baba yangu mdogo alikuwa na mdomo mtamu kwa wateja na kichwa kigumu kwa jamaa zake. Mimi nilifanya kazi naye katika chumba cha nyuma cha duka lake, mtaa wa Nyakabiga, kwa hiyo ule mdomo mtamu niliusikia kupitia ukutani tu. Mbele aliuza vitenge na betri. Nyuma kulikuwa na mashine ya barua-pepe, ambayo watu wa mtaa waliitumia kuwajulisha ndugu zao waliokimbilia ng'ambo kwamba bado wako hai. Dirisha tulikuwa tumeliziba kwa matofali kwa sababu ya risasi za kupotea. Ukikaa humo tangu asubuhi unasahau hata jua liko upande gani.

Laini ya simu ilikuwa moja. Modemu, kile kifaa cha kuiunganisha mashine na simu, ikiishika, anayetupigia anakuta iko okipe, inatumika. Lakini mashine ile ilikuwa na ugonjwa wake. Kila siku, bila kuaga, kiini cha mfumo kilipata kosa la kuua, kikaandika mistari michache kwenye kioo, kisha mashine ikaanguka: ikajizima na kujiwasha upya kabla hujasoma neno. Ikijiwasha, modemu inaachia laini, na kwa dakika chache simu inapumua. Mama yangu alishazoea. Akikuta okipe, alingoja mashine yetu ianguke ndipo apige, na salamu yake ya kwanza ilikuwa, "Imeanguka?" Nyumbani tulimcheka sana kwa hilo.

Baba mdogo hakucheka. Kosa linalokimbia kabla hajalishika lilimnyima usingizi. Akaujenga upya mfumo na kuweka ndani yake deboga, programu ya kuchunguza makosa. Kosa la kuua likitokea, deboga ilidake kabla mashine haijajizima, isimamishe kila kitu palepale kilipo, halafu ingoje mtu aje aiulize kimetokea nini. Kwa hilo alikuwa fundi, sina ubishi. Kisha akatoa sheria, na kwa sheria alikuwa hajambo: "Ikisimama, mutu asiguse kitu. Hata waya. Mi mwenyewe nitaangalia."

Juma hilo mama alikuwa Kanyosha, kusini mwa mji, kwenye matanga ya rafiki yake, mapigano yakaanza huko, barabara ikawa inafungwa na kufunguliwa ovyo. Nyumba ya matanga ilikuwa na simu, na jirani yao alikuwa na gari. Tukapatana na mama hivi: asubuhi mimi nitawauliza madereva waliotoka upande ule, yeye atapiga, nikimwambia njia iko sawa atapanda gari hilo. Asiposikia sauti yangu, asipande. Tulikuwa tumeshazika watu waliopanda kwa kubahatisha.

Asubuhi nikauliza. Njia iko wazi, wakaniambia, lakini afanye haraka. Nikarudi mbio kungoja simu, nikamkuta baba mdogo ameinamia kioo, uso unamng'aa. Deboga imedaka. Mbele yake kulikuwa na mnyororo mzima wa maagizo, lipi liliita lipi mpaka kosa likatokea, na hakuna kilichofutika.

"Kaa, mwanangu. Mi nasoma, we andika. Leo ndiyo leo."

Nikaandika. Upande wa kusini mabomu yalikuwa yanalia, mazito, na vumbi la matofali likatuangukia kwenye karatasi. Nikamwambia, "Baba mudogo, mama hajapiga." Akanijibu bila kugeuka, "Atapiga. We andika."

Hasira ilinipanda, nikakosa pa kuipeleka. Kanyosha siwezi kwenda, barabarani siwezi kusimama, na humu ndani kazi yangu ni kuandika namba za mashine iliyokufa nusu. Nilimchukia mzee yule kwa furaha yake. Niliendelea kuandika.

Mchana gari likasimama mbele ya duka. Alikuwa yule jirani wa matanga, na watoto wake, na magodoro. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

"Mama yako amekataa kupanda," akaniambia. "Anapiga tangu asubuhi, iko okipe. Anasema mulipatana."

Nikarudi nyuma nikaitazama modemu. Taa zake zilikuwa zinawaka zote. Mashine haikujizima, basi haikuachia laini. Ilikuwa imeganda na simu mkononi, na sisi wawili tumekaa mbele yake tunaisifu. Nilivuta waya wa modemu kwa nguvu zangu zote, kipande cha plasta kikatoka nao ukutani.

"We mutoto, nilisema nini?"

"Sema tena, baba mudogo. Nakusikiliza."

Tulikaa tukiiangalia simu, na haikuchukua muda ikalia. Nilimpigia mama kelele apande chochote, atembee kama lazima, aje. Akasema barabara imeshafungwa tena, gari hakuna, wamelala chini kwenye korido yeye na wafiwa. Ilipita wiki nyingi ndipo akarudi, amekonda, na kwa muda mrefu hakutaka kulala kitandani. Lakini siku ile kwenye simu hakuwa na lawama yoyote, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Alikuwa anashangaa tu.

"Nilikuwa nangoja ianguke," akasema. "Inaangukaga kila siku. Leo imekuwa nini?"

Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, karatasi zetu mkononi.

"Tumeitengeneza, mama," nikamwambia.