Salimia, Kisha Nyamaza

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya uuguzi nilivaa sare iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, nikaingia kliniki ya presha pale Mtoni nikiwa na hamu ya kupendwa na kila mgonjwa. Wa kwanza kuketi mbele yangu alikuwa mzee wa kanzu. Nikamzungushia mkononi kile kitambaa cha mashine, nikaanza kuminya mpira huku nikimwamkia.

"Shikamoo babu. Mmeamkaje? Wajukuu hawajambo? Na joto hili mnalionaje?"

Mzee alikuwa mtu wa adabu. Alinijibu moja baada ya jingine, akaongezea habari za bibi na goti lake linalomsumbua. Zebaki ikasimama juu sana. Nikashtuka, nikatoka mbio kumwita daktari, nikadakwa mlangoni na Matroni, mkuu wa wauguzi.

Alikuwa mwanamke mfupi, wa familia ya Kiarabu ya palepale Mtoni, wenye duka kando ya Barabara ya Kilwa tangu enzi za babu yake. Sauti yake ilisikika kutoka chumba cha sindano hadi getini bila yeye kuipaza. Naomba muikumbuke sauti hiyo, kwa sababu ilikuja kupotea, na katika kazi zote nilizofanya hakuna iliyonihangaisha kama kuitafuta. Nayo niliifanya nikiwa nimeshastaafu.

"Umepima presha au umepima salamu?" aliniuliza.

Akamkalisha mzee upya. Mgongo ukaegemea kiti, nyayo zote mbili zikakaa sakafuni, mkono ukawekwa mezani usawa wa moyo. "Mzee wangu," akamwambia, "tumeshaamkiana, tumeshajuliana hali. Sasa mie na wewe tunanyamaza, damu nayo ipate kusema." Tukakaa kimya mpaka nikaona haya. Alipopima, kipimo kilikuwa kimeshuka, hakikuwa cha kumkimbilia daktari. Mtu akiongea, akicheka au akikunja nne, presha hupanda kwa muda tu, na ukimwandikia dawa kwa kipimo hicho unakuwa umetibu maongezi.

"Salimia, kisha nyamaza," Matroni akaniambia tulipobaki wawili. "Nyie watu wa bara maneno mengi."

Mimi ni Mpare. Sikuwahi kufikiri mtu wa Pwani angenilaumu kwa maneno mengi, lakini siku ya kwanza haibishaniwi.

Shinikizo la damu, ambalo sisi wote tunaliita presha, ni ile nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa. Ubaya wake ni kwamba haiumi. Mtu anatembea nayo miaka, anacheza ngoma, anaoza watoto, kumbe huko ndani mishipa inachoka. Kila wiki alikuja mgonjwa akitabasamu: "Sista, nimepona, nimeacha dawa." Matroni hakuwa akiwagombeza. Aliwashika mkono na kuwaambia, "Haijapona, mpenzi, imetulia. Na imetulia kwa sababu unameza." Kabla ya Ramadhani aliwaita waliotaka kufunga, akawapeleka kwa daktari dawa zao zihamishiwe futari na daku. Wajane nao aliwaambia wazi kwamba eda, ile miezi ya kukaa ndani baada ya kufiwa na mume, haimkatazi mgonjwa kufuata dawa hospitali. "Kamuulizeni shehe wenu, kisha mrudi hapa." Na walirudi.

Kutoka Mtoni nilihamishiwa Vingunguti, jirani na machinjio. Mganga Mfawidhi wa pale, yaani daktari mkuu wa kituo, alikuwa mpole aliyesikiliza mapigo ya moyo akiwa amefumba macho, kiasi kwamba wagonjwa walidhani amesinzia. Huko nilimkuta mchinjaji mmoja, pande la mtu, miguu imevimba, anapanda ngazi mbili anahema. Akiwa kitandani ilibidi aegemee mito, kwani akilala chali pumzi ilimkata. Picha ikaonyesha moyo umetanuka. Akacheka.

"Si nilisema mie nina moyo mkubwa? Mke wangu alikuwa anabisha!"

Mganga Mfawidhi akafumbua macho. "Kaka, moyo wako umebeba presha muda mrefu mpaka misuli yake imelegea. Hausukumi damu ipasavyo, ndiyo maana maji yanakaa miguuni na kwenye mapafu."

Akamwanzishia vidonge vya kuupunguzia moyo mzigo na vya kutoa maji mwilini, akamwomba aachane na ile supu ya asubuhi inayotiwa chumvi mara mbili. Mchinjaji yule alikubali dawa zote. Kuhusu supu tulivutana naye mpaka mkewe alipoichukua chumvi akaificha. Miguu ikanywea, akawa anakuja kliniki na kofia kichwani kama mtu anayekwenda harusini, na kila akiniona aliniletea salamu za mke.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Mbezi Luis, karibu na stendi ya mabasi ya mikoani. Wagonjwa wetu wengi walikuwa madereva, na presha zao hazikushuka hata tuongeze nini. Siku moja dereva wa basi la Mbeya akanivuta pembeni.

"Sista, nikwambie ukweli usinikasirikie. Kile kidonge cha kukojoza sie hatumezi. Abiria hamsini, nitasimamisha gari mara ngapi?"

Nikamshukuru kutoka moyoni. Daktari akawabadilishia dawa wale waliofaa kubadilishiwa. Vilevile tuliwafundisha kwamba maumivu ya kifua yanayobana na kupanda hadi taya au kushuka mkono wa kushoto, pamoja na jasho la baridi, si lazima yawe gesi wala vidonda vya tumbo. Huenda mshipa unaolisha moyo wenyewe umeziba, na hapo gari linaegeshwa palepale na mtu anakimbizwa hospitali.

Nilistaafu nikiwa na afya na maua mengi ya plastiki. Matroni alikuwa amestaafu zamani. Nilikuwa nikimtembelea kwake, tunakunywa kahawa, ananitania kuhusu maneno yangu mengi. Kisha mumewe akafariki, akaingia eda. Akajifungia na huzuni yake. Vidonge vyake vya presha, maana yeye naye alikuwa akimeza kwa miaka, vilipokwisha hakumtuma mtu, na hakuna aliyemuuliza. Nani angemuuliza Matroni kama amemeza dawa? Hata mimi, niliyekuwa nikimpigia simu kumpa pole, sikuwaza kwamba yeye angehitaji kuambiwa maneno aliyowaambia wajane wote wa Mtoni.

Mwanawe Nassoro, anayeendesha lile duka sasa, ndiye aliyenipigia.

"Shikamoo mama. Mama kapinda mdomo, mkono wa kulia umelegea, haongei. Majirani wanasema ni upepo mbaya, tumsomee dua kwanza."

"Msomeeni ndani ya gari, baba. Sasa hivi, hospitali. Msimpe maji, msimpe kidonge chochote."

Kile kilikuwa kiharusi. Sehemu ya ubongo imekosa damu, ama kwa mshipa kuziba ama kwa kupasuka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumwokoa wa kwanza na kumuua wa pili, ndiyo maana mgonjwa hupigwa picha ya kichwa kwanza, na ndiyo maana kila dakika ya kuchelewa ina gharama. Mshipa wa Matroni ulikuwa umeziba, upande wa kushoto wa ubongo, unaotawala mkono wa kulia na, kwa wengi wetu, maneno pia. Waliwahi. Alibaki hai.

Mguu wa kulia, uliolegea pamoja na mkono, ulirudi kwa mazoezi, akawa anatembea kwa fimbo. Sauti haikurudi. Alitutazama, alielewa kila kitu, alifungua mdomo, na hakikutoka kitu. Niliwahi kumwona akilia kwa hasira, nami nikaenda kulia jikoni. Wageni walimjazia chumba kwa maneno. Walimuuliza na kujijibu wenyewe: "Unataka chai? Eeh, anataka chai." Walifanya hivyo kwa mapenzi, lakini nafasi ya yeye kusema haikuwapo.

Mtaalamu wa mazoezi ya usemi alituambia kwamba maneno ya mazoea, kama salamu na dua, mara nyingi hujificha mahali ambapo kiharusi hakikufika. Nikafikiria lile neno la siku yangu ya kwanza. Jumamosi nikaenda Mtoni na mashine yangu, nikamwomba Nassoro azime televisheni na wageni wasubiri barazani. Nikamkalisha Matroni mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono mzima wa kushoto mezani. Nikamwangalia machoni.

"Shikamoo Matroni."

Nikanyamaza. Nassoro alitaka kumsaidia kujibu, nikamzuia kwa mkono. Midomo yake ikahangaika. Kimya kilikuwa kirefu kuliko kile cha mzee wa kanzu, na mara hii sikuona haya. Nilikuwa naogopa tu.

"Ma... marahaba."

Ilikuwa imepinda na kukwaruza, ila ilikuwa yake. Nassoro akageukia ukuta. Mimi nilishindwa kujizuia. Kitambaa nimeshamfunga na mashine imeshaanza kunguruma, nikawa nasema na kulia pamoja: umesema Matroni, umesikia ulivyosema, hebu rudia, Nassoro umemsikia mama yako, Mungu mkubwa...

Matroni akaitazama mashine, kisha akanitazama mimi kwa yale macho ya siku ya kwanza.

"Nya... maza," akasema.

Nikanyamaza, nikampima upya.