Koti la Alojz

Mimi Erwin Buchta ni mwoga, na nakwambia mapema usije ukanisifu bure. Miaka ishirini na minane nimechimba makaa hapa Zabrze. Mgodi ulipofungwa wakaugeuza makumbusho, nami nikawa mwongoza wageni. Wanachokipenda zaidi ni chumba cha kubadilishia nguo. Sisi hatukuwa na makabati: ulitundika nguo zako za nyumbani kwenye ndoano, ukazivuta kwa mnyororo hadi darini, ukafunga mnyororo kwa kufuli ukutani, kisha ukashuka shimoni na ufunguo shingoni. Nguo chache bado zinaning'inia, na wageni wanazipiga picha.

Jumamosi moja, katikati ya maelezo yangu, bibi mmoja akasimama chini ya koti la kahawia, macho juu.

"Erwin," akasema, "kile kiraka cha kiwiko nilikishona mimi."

Alikuwa Truda, mjane wa Alojz Skowronek, mwenzangu wa zamu, aliyeangukiwa na mwamba mwaka themanini na saba. Kwetu mtu akifia chini, mwenzake ndiye anayeshusha nguo zake na kumpelekea mjane, kwa miguu, watu wakiona. Mwingine hazigusi. Mwenzake nilikuwa mimi. Mara tatu nilifika kona ya mtaa wao, mikono mitupu, nijipime kama nitaweza. Mara tatu nikarudi.

"Shemeji, nisa..."

"Shemeji gani wewe? Shemeji hupita hata kusalimia!" Akachomoa ufunguo mdogo mkobani. "Walinipa huu pamoja na pete yake. Nimeujaribu stoo, nimeujaribu banda la njiwa wake, haufungui kitu. Nikaona haya kumwuliza mtu. Nikasema basi, mume wangu alikuwa na mlango mwingine mahali. Miaka thelathini na saba, Erwin, nauwaza mlango wa huyo mwanamke."

Mungu wangu. Kumbe woga wangu ulimharibia marehemu jina ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kibao kinasema usiguse kitu. Nikamwonyesha kufuli ukutani, akalitia ufunguo. Likagoma, likagoma, likakubali. Nikaushika mnyororo, koti likashuka polepole, vumbi likitumwagikia. Nikamkabidhi. Akarudisha mikono nyuma.

"Hapana. Mimi natangulia nyumbani. Lilete wewe, kwa miguu, watu wakuone."

Nikapita barabara kuu mchana kweupe, koti mkononi. Wazee waliokuwa wamekaa nje ya duka la mikate walilitazama, wakasimama, wakavua kofia. Pale konani miguu ikakataa kama zamani. Nikaitukana, nikaenda.

Truda alikuwa mlangoni, amekwisha kuvaa nyeusi. Hakuniangalia. Alilipokea koti kwa mikono miwili, akaliinamia.

"Nisamehe, mume wangu," akaliambia. "Nilikudhania vibaya."