Nilifukia Dawa Golini, Akaadhibiwa Mjukuu Wangu

Mchawi wa lango lile ni mimi. Siyo timu ya wageni, siyo mzee wa uwanja, na siyo mjukuu wangu. Ni mimi, bibi kizee, niliyefukia kitambaa chini ya mlingoti wa goli pale Mikumi asubuhi ya mechi. Kisha nikaulizwa mbele ya watu, nikasema sijui kitu.

Niliishia darasa la nne, mnivumilie maandishi yangu. Jina langu silitaji. Mjukuu wangu nitamwita Shabani, ingawa siyo Shabani.

Nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Alikulia Rudewa, kwenye nyumba za zamani za wakata mkonge, ambako baba yangu alikuja kutafuta kazi akafia hukohuko. Kiwanja chao kilikuwa kigumu kama sakafu. Wenzake wanagombania kufunga magoli, yeye akajichagulia kukaa golini, kujilaza chini kudaka. Jioni anarudi viwiko vimechubuka, namsugua kwa maji ya chumvi huku namtukana.

"Mume gani huyu anarudi nyumbani kama kachinjwa?"

Ananijibu, "Mke wangu, leo hakuna aliyepita."

Na kweli walikuwa hawapiti. Timu ya Morogoro ikamchukua, baadaye ya Dar. Akadaka ligi kuu miaka na miaka. Nyie hamjui raha ya kukaa sokoni kwetu Mabwerebwere unauza nyanya, redio ya jirani inalitaja jina la mtoto uliyemfuta kamasi. Nilikuwa napandisha shingo kama jogoo. Wenzangu wakaniita Bibi Kipa, nami nikaitika. Nikawaambia wote kwamba mikono ile ni kazi yangu, maana kila alipoondoka nilimfungia hirizi niliyoitoa kwa mzee mmoja wa Kisanga.

Akadaka mpaka bega likachoka. Lilichomoka, likarudishwa, likachomoka tena, na daktari akamwambia likitoka mara nyingine hata kijiko hatainua. Akavua glavu. Niliyelia ni mimi. Yeye alikaa tu, anajikanda bega.

Ndipo mwenyekiti wa timu moja ya Mikumi akamwita awe meneja wa timu. Mimi nikaona wamemdharau, kwa sababu meneja nilijua ni mbeba jezi. Kumbe basi la timu ni lake, kambi ni yake, chakula ni chake, leseni za wachezaji ni zake. Mchezaji kaumwa, anaitwa Shabani. Mchezaji kagombana na mkewe, anaitwa Shabani. Alikonda lakini aliipenda kazi ile kuliko hata kudaka. Mwenyekiti alikuwa amemwambia wazi: timu ikinusurika kushuka daraja, unasaini mkataba mpya. Ikishuka, kila mtu ashike njia yake.

Ikabaki mechi moja. Sare tu ingetosha.

Wiki hiyo akaja kunisalimia. Nikampikia ugali na mlenda, na alipokuwa anakula nikamwambia, "Yule kipa wako mikono imelegea kama kamba mbichi. Niende Kisanga?"

Akaacha kula. "Bibi, usiende popote. Siku hizi wanaangalia mambo hayo. Kikionekana kitu kimemwagwa au kimefukiwa uwanjani, klabu inapigwa adhabu na meneja anafungiwa. Uwanja ni wetu, kila kinachotokea pale najibu mimi."

"Umeshasahau kilichokudakia."

Akacheka. "Mke wangu, nikwambie ukweli hutakasirika? Zile hirizi sikuvaa hata moja. Nimezitia kwenye kopo la maziwa, nimelificha juu ya kabati. Kuzitupa niliona vibaya, ni zako. Lakini nilidaka kwa mazoezi, bibi. Ni kujitupa chini tu, kutwa."

Aliyasema kwa upendo, na mimi nikacheka naye. Ila moyoni nilichemka. Miaka yote nimejivuna mbele ya watu kwa kazi ya mikono yangu, kumbe kazi ya mikono yangu iko kwenye kopo la maziwa!

Msije mkadhani nilikwenda Kisanga kwa kuionea timu huruma. Nilikwenda kwa hasira. Nilitaka washinde, halafu nimwambie: unaona?

Yule mzee akanipa dawa yake. Nikaiviringisha kwenye kitambaa cheusi, nikaifunga mwenyewe kwa uzi wa mkonge, fundo la wakata mkonge, unazungusha mara mbili kisha unarudisha chini. Baba alinifundisha fundo hilo, na mimi nikamfundisha Shabani.

Asubuhi ya mechi nikafika Mikumi na kikapu cha maandazi, nimefuatana na akina mama watatu wa sokoni waliotaka kumwona meneja wetu. Nikawaacha wanakunywa chai, nikaenda uwanjani. Mzee wa uwanja, nitamwita Kondo, alikuwa anapaka mistari chokaa.

"Shikamoo, Bibi Kipa. Umekuja kutushangilia au kutudakia?"

"Marahaba. Nimekuja kuliombea lango. Nipishe kidogo."

Akasita, brashi inadondosha chokaa kwenye kiatu. "Meneja anajua?"

"Yeye ndiye kanituma."

Uongo ule ulitoka kama mate. Kondo akageuka upande wa pili kwa heshima, kwa sababu huku kwetu nani atamsukuma bibi kizee anayesema anaomba dua? Nikachimba kwa kijiko pembeni ya mlingoti, nikafukia, nikakanyagia.

Sasa oneni ujinga wangu. Nilikuwa sijui hata kwamba timu hubadilishana magoli. Kipindi cha kwanza chote aliyesimama juu ya dawa yangu alikuwa kipa wa wageni.

Walienda mapumziko bila goli. Kipindi cha pili kipa wetu akaja upande ule. Makipa wana tabia ya kuchora alama chini kwa kiatu, wajue wamesimama wapi. Akachora karibu na mlingoti, mara kitambaa hicho nje. Aliruka kama kakanyaga nyoka.

"Wamenitegea! Wamenitegea!"

Wenzake wakaja mbio, wageni nao wakaja, wakaanza kusukumana. Mchezaji mmoja wa wageni anapayuka, "Uwanja wenu, uchawi wenu, msitusingizie!" Refa akasimamisha mpira. Kamishna wa mechi akakiokota kitambaa kwa kijiti. Mimi nimekaa kwenye benchi na akina mama wangu, nimejifunika kanga mpaka machoni. Mmoja akaninong'oneza, "Bibi, mbona unajifunika?" Nikamwambia ni jua.

Mpira ukaendelea, lakini kipa wetu hakuusogelea tena mlingoti ule. Alisimama mbali nao, anauchungulia kwa jicho la pembeni. Wageni siyo wajinga. Wakapiga palepale, mpira wa kutambaa ambao hata mimi ningeuzuia kwa kanga. Ukaingia. Filimbi ya mwisho ikalia, tumeshuka daraja.

Baada ya mechi watu wakajaa mlangoni pa chumba cha wachezaji. Kamishna kasimama, mwenyekiti kasimama, vijana wamenyanyua simu wanarekodi. Shabani akakichukua kitambaa. Akakigeuza, akaliona fundo. Niliuona uso wake ukibadilika.

Kamishna akamuuliza Kondo nani aliingia uwanjani asubuhi.

"Bibi wa meneja," Kondo akasema. "Alisema katumwa na meneja."

Watu wakanipisha njia mpaka nikajikuta nimesimama mbele ya mjukuu wangu.

"Shikamoo, bibi," akasema. Hata pale hakuacha kunisalimia.

"Marahaba."

"Mimi nilikutuma?"

Neno moja tu lilitakiwa. Hapana. Hukunituma, ulinikataza, ni mimi. Lakini niliwaona akina mama wa sokoni wamenikodolea, niliziona zile simu, nikafikiria nitakavyochekwa Mabwerebwere nzima, mimi Bibi Kipa.

Nikasema, "Mimi sijui kitu. Huyu mzee kanifananisha."

Kondo akanitazama. "Nikufananishe, bibi? Umenipita hapa na kikapu, nimekuamkia, ukaniitikia."

Kijana mmoja akamkaba shati, "Kondo umehongwa! Umetuuza!" Wengine wakasogea, nikaona mzee wa watu atapigwa kwa ajili yangu. Na bado nilinyamaza.

Shabani akaingia katikati. "Mwacheni mzee, hajahongwa. Fundo hili nalijua, limetoka kwangu. Andikeni jina langu."

"Shabani," mwenyekiti akamwambia taratibu, "sema kweli. Ulimtuma bibi?"

"Andikeni jina langu, mwenyekiti."

Alikuwa anatazama chini. Mimi hakunitazama tena.

Akafungiwa kujihusisha na mpira. Mkataba ukafa, na jina likafa nalo. Vijana wa Mikumi wakaanza kumwita Kipa wa Hirizi. Sasa wanasema hata alipokuwa Dar hakuwa anadaka yeye, alikuwa anadakiwa. Yaani kile nilichotaka watu wakiamini miaka yote, leo wanakiamini.

Nilipoona hivyo nikaenda kwa mwenyekiti, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Bibi, ripoti imeshaondoka. Ungesema siku ile, ingeandikwa kwamba bibi mmoja kajiingilia uwanjani. Ulipokana, ikawa meneja."

Shabani sasa anapakia vitunguu kwenye malori palepale Mikumi, kwa bega lile lile. Hunipigia simu. Ananiamkia, namwitikia, anauliza nimekula, namjibu nimekula, basi. Mke wangu haniiti tena. Nilimwomba msamaha, akasema, "Bibi, ya kufukia nilishayamaliza, ndiyo mambo yenu. Lakini nilikuuliza mbele za watu."

Mabibi wenzangu, wajukuu zetu wana kazi zao na sheria zake. Mtoto akikukataza kitu kwenye kazi yake, usijifanye unajua kwa sababu ulimfunga nepi. Na ukishaharibu, ukaulizwa, sema hapohapo. Mimi nilikuwa na nafasi ya pumzi moja tu, nikaiacha ipite kwa kuogopa kuchekwa na wauza nyanya.

Wa Mikumi mnaosoma hapa: mjukuu wangu hakunituma. Alinikataza kwa mdomo wake, nyumbani kwangu, mlenda ukiwa mezani. Mzee Kondo hakusema uongo. Nami kuandika bila jina naona hakutoshi. Jumamosi ijayo nakuja uwanjani kwenu, nitasimama mlangoni pa kile chumba na kuyarudia haya kwa sauti. Wale vijana waje na simu zao. Wanirekodi.